Taito ya Kilatini: anzia kwenye Kiswahili, sio Kiingereza

Mdogo wangu kamaliza kuandika hadithi yake, inahusu kijiji cha wavuvi ambako kila jioni watu wanawasha taa ufukweni kwa ajili ya ndugu zao ambao bahari iliwachukua. Taito aliyoipanga ni "Light of the Lost" ila anataka ikae kwa Kilatini. Kaingiza kwenye simu, simu ikamtolea Lux Perditorum, kaipenda, anataka kwenda kuchapa kava. Nikamwambia subiri kwanza.

Simkatazi Kilatini. Najua kuna wanaouliza mwandishi wa Kiswahili anahangaika nini na lugha ya Warumi, mbona shule ya Starehe ya Nairobi wana "Natulenge Juu" na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana "Hekima ni Uhuru" na maneno yana uzito wake kabisa, na kwa kweli hoja hiyo naikubali kwa sehemu kubwa, sababu taito ndo mlango, ukimfungia msomaji mlangoni ndani ataingiaje. Ila Kilatini nacho ni kifupi, kina mwangwi, halafu sio kigeni kwetu kama watu wanavyodhani. Deogratias yule mtaa mzima unamuita Deo, jina lake ni Kilatini kitupu, Deo gratias, shukrani kwa Mungu.

Na shida yenyewe iko hapohapo kwenye Deo. Aliyeimba kwaya ya Kikatoliki keshaimba Agnus Dei, keshaimba Gloria in excelsis Deo, pengine na Te Deum. Neno ni lilelile Deus, ila mkia unabadilika kufuata kazi yake: Dei ni wa Mungu, Deo ni kwa Mungu, Deum ni Mungu anayesifiwa. Chuo Kikuu cha Nairobi wana Unitate et Labore, yaani kwa umoja na kazi, na ile "kwa" imo ndani ya mikia, wewe ukiokota unitas na labor kwenye kamusi ukaunganisha hivyohivyo unabaki na umoja na kazi tu, "kwa" imedondoka. Sisi tunaogeuza nyumba ikawa "nyumbani" na shule ikawa "shuleni", mkia wa namna hii hautushangazi.

Haya, mkia umekaa sawa, bado maana. Ile barua ya Papa Leo XIII ya 1891 inaitwa Rerum Novarum, neno kwa neno ni "ya mambo mapya", lakini kwa Warumi res novae ilikuwa mapinduzi, kuangusha utawala. Mtu anatafuta jina la albamu ya injili anataka "Mambo Mapya", anaandika Res Novae, kumbe katangaza uasi.

Ndo kilichompata dogo. Lux Perditorum sarufi yake haina kosa hata moja, ila perditi kwa Warumi ni watu walioharibika, Cicero, yule mwanasiasa na msemaji wa Kirumi, alilitumia neno hilo kwa maadui zake wa kisiasa, sasa wale wavuvi waliozama wamekosa nini? "Lost" ya Kiingereza inaficha watu watatu tofauti, waliopotoka, wanaotangatanga na tuliowapoteza, na Kiswahili kinakulazimisha uchague kabla hujafungua mdomo. Nikamuuliza hawa wako ni wapi kati ya hao, akajibu papo hapo, tuliowapoteza. Basi ni amissi, na "ya" yao ni amissorum.

Tukarudi kwenye lux. Lux ni nuru kwa ujumla, mwanga wa mchana, wakati hadithi ina taa, nyingi, zimepangwa mchangani. Taa ni lumina. Na washairi wa Kirumi lumina walilitumia pia kwa maana ya macho.

Hapo dogo alinyamaza. Kava sasa ni Lumina Amissorum, na chini yake, kwa herufi zilezile kubwa maana hilo nililisimamia, Taa za Tuliowapoteza.