Mikimbio mitatu iliyoipeleka Kerala fainali

Kerala ilifika fainali ya Kombe la Ranji, mashindano ya ndani ya kriketi ya India, msimu wa 2024-25, bila kushinda robo fainali wala nusu fainali. Zote mbili ziliisha sare. Kule Pune iliizidi Jammu na Kashmir kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja ya kriketi, katika zamu ya kwanza ya kupiga, 281 kwa 280. Kule Ahmedabad ikaizidi Gujarat kwa mikimbio miwili, 457 kwa 455. Ukijumlisha ni mitatu, katika siku kumi za kriketi. Halafu fainali ya Nagpur nayo ikaisha sare, na kombe likaenda kwa wenyeji Vidarbha kwa sababu ileile: 379 walizopata wao zamu ya kwanza dhidi ya 342 za Kerala.

Kanuni ni fupi. Mechi ya mtoano ya Ranji huchezwa siku tano, kila timu ikiwa na zamu mbili za kupiga. Muda ukiisha bila mshindi, anasonga mbele aliyeongoza baada ya zamu ya kwanza. Wanaoichukia kanuni hii si wachache, wala si wajinga, kwa hiyo tuanze nao.

Wanasema hivi. Mashindano haya yapo, tangu 1934-35, ili yatoe wachezaji wa timu ya taifa ya India. Katika mechi za kimataifa za siku tano, kuongoza zamu ya kwanza hakukupi chochote peke yake. Lazima uwatoe wapigaji wote wa mwenzako mara mbili. Sasa unamfundishaje kijana kuutafuta ushindi ilhali nyumbani anajua akishaongoza kwa mkimbio mmoja anaweza kujilalia? Wanataja zamu ya Kerala kule Ahmedabad, iliyokula ova 187 (ova moja ni mipira sita), yaani zaidi ya siku mbili nzima timu moja inapiga tu. Wanataja pia siku ya mwisho ya fainali: Vidarbha walikuwa mbele kwa mikimbio 37 ya zamu ya kwanza, wakaendelea kupiga hadi 375 kwa wiketi 9 (wapigaji tisa wametolewa), jumla ya mikimbio 412 mbele, na hawakuifunga zamu yao, yaani kuacha kupiga kwa hiari, ili Kerala wajaribu kuifukuzia. Watu wakapeana mikono, kombe likatolewa. Ushahidi huo una uzito, na sijaona anayeitetea siku ile kwamba ilikuwa tamu kuitazama.

Ila lawama hizi huichukua siku moja ya Nagpur na kuifanya ndiyo msimu mzima. Tazama kwanza ule mkimbio mmoja wa Pune, maana ndani yake kuna mechi nzima ambayo jedwali la matokeo haliioneshi.

Jammu na Kashmir hawakuwa wanyonge waliobahatika kufika hapo. Walimaliza kileleni mwa kundi lao, na Januari waliifunga Mumbai nyumbani kwake, Mumbai iliyokuwa na Rohit Sharma, Yashasvi Jaiswal, Ajinkya Rahane na Shreyas Iyer. Dhidi ya Kerala walipata 280, kisha Aquib Nabi akaanza kuwamaliza wapigaji wa Kerala mmoja baada ya mwingine hadi ubao ukasoma 200 kwa wiketi 9. Imebaki wiketi moja, na pengo ni mikimbio 80. Mpigaji wa mwisho aliyeingia alikuwa Basil Thampi, ambaye kazi yake timuni ni kurusha mpira wa kasi. Upande wa pili alikuwapo Salman Nizar. Wawili hao wakaongeza 81, Nizar akibaki na 112 bila kutolewa. Si 80 wala 79. Kama Thampi angekosea mpira mmoja mapema zaidi, leo tungekuwa tunaizungumzia Jammu na Kashmir.

Kinachofuata ndicho wakosoaji wanachokiruka. Kwa kuwa walikuwa nyuma kwa mkimbio huo mmoja, Jammu na Kashmir walijua sare haiwafai. Wakapiga kwa nguvu, nahodha Paras Dogra akapata 132, wakaifunga zamu yao ya pili wakiwa 399 kwa 9, kisha wakawapa Kerala lengo la 399 na wao wenyewe wakajipa muda wa kuwatoa. Kwa nini waliifunga? Kwa sababu kanuni haikuwaachia njia nyingine. Siku ya tano, siku ambayo tunaambiwa kanuni hii huiua, ilikuwa na timu moja inayoshambulia kwa roho moja na nyingine inayojilinda kwa meno na kucha. Kerala walipopoteza wiketi sita, Nizar alirudi uwanjani tena, safari hii na Mohammed Azharuddeen, wakang'ang'ana hadi 295 kwa 6 na jua likatua. Mtu akiniambia hiyo si kriketi ya kufundishia wachezaji wa taifa, namuuliza mechi za siku tano za taifa huokolewa vipi, kama si hivyo hasa.

Basi mkimbio mmoja haukuua mechi ya Pune. Uliisukuma, kwa sababu ulimweka mmoja nyuma na kumwambia aje.

Nusu fainali ni habari nyingine, na hapa nakubali jambo. Kerala walipiga taratibu mno. Azharuddeen alibaki na 177 bila kutolewa, zamu ya subira ambayo wengi waliiona ya kuchosha. Hata hivyo swali la kwamba nani ataongoza lilibaki wazi hadi asubuhi ya siku ya tano, na hiyo si kawaida hata kidogo. Priyank Panchal aliwapa Gujarat 148. Siku ya nne iliisha wakiwa 429 kwa 7: wanahitaji mikimbio 29 ili waongoze, wiketi tatu mkononi. Asubuhi Aditya Sarwate, mrushaji wa mipira ya kuzunguka kwa mkono wa kushoto, alizichukua zote tatu. Ya mwisho ndiyo iliyozunguka dunia: Gujarat wakiwa 455, Arzan Nagwaswalla aliupiga mpira kwa nguvu zake zote, ukagonga helmeti ya Salman Nizar aliyesimama hatua chache tu mbele yake, ukaruka juu, ukaangukia mikononi mwa nahodha wa Kerala Sachin Baby kwenye slipi, nyuma ya mpigaji. Kabla ya 2017 mpira uliogonga helmeti ya mlinzi haukuhesabiwa kuwa umedakwa. Sheria za mchezo zilibadilishwa mwaka ule. Laiti mpira ungepita pembeni ya kichwa cha Nizar, ungeelekea kwenye mpaka wa uwanja kwa mikimbio minne, na Gujarat wangekuwa wameongoza.

Hapo wengi husema: bahati tupu, kombe kubwa haliwezi kuamuliwa na helmeti. Bahati ilikuwapo, nani atabisha. Lakini helmeti haikuamua ova zaidi ya mia moja na sabini zilizoitangulia. Mpira ule ulikuwa na maana kwa sababu watu ishirini na wawili walikuwa wamesukumana kwa siku nne na ushee hadi wakafika mahali ambapo mpigaji dhaifu kuliko wote analazimika kupata mikimbio miwili tu ili wawe sawa. Na angalia kazi iliyofanywa: ili kuongoza, Kerala ilibidi wawatoe Gujarat wote kumi. Haikutosha kuzuia. Kanuni inayodaiwa kuwadharau warushaji ilikuwa inawadai warushaji wiketi kumi, hadi ya mwisho.

Ndiyo maana hoja ya kwamba kanuni hii inalea woga hainiingii vizuri. Msimu huohuo Harsh Dubey wa Vidarbha, kijana wa mipira ya kuzunguka, alichukua wiketi 69, nyingi kuliko zilizowahi kuchukuliwa na yeyote katika msimu mmoja wa Ranji. Rekodi ya awali, 68, ilikuwa ya Ashutosh Aman tangu 2018-19. Wiketi 69 hazipatikani katika mashindano ya watu wanaosinzia. Tena Vidarbha hawakufika fainali kwa sare. Waliifunga Tamil Nadu kwa mikimbio 198, kisha bingwa mtetezi Mumbai kwa 80. Bingwa wa msimu alikuwa timu iliyokuwa ikishinda.

Tuirudie fainali basi, kwa kuwa ndiyo ngome ya upande wa pili. Kerala walishinda kura ya sarafu wakachagua kurusha, na saa ya kwanza iliwapa haki: Vidarbha 24 kwa wiketi 3. Hapo ndipo Danish Malewar, kijana katika msimu wake wa kwanza, na Karun Nair waliposimama pamoja kwa mikimbio 215. Nair akatolewa akikimbia, akiwa na 86. Malewar akafika 153. Kwa upande wa Kerala, Sarwate alipata 79, na inafaa ijulikane kwamba Sarwate huyu alitoka Vidarbha, na alikuwamo walipotwaa kombe mara mbili mfululizo, 2017-18 na 2018-19. Sachin Baby alikuwa na 98, pengo limebaki zaidi ya hamsini kidogo, alipojaribu mkwaju mkubwa akadakwa. Wapigaji wa mwisho wakatolewa, 342. Fainali iliamuliwa pale, siku ya tatu, kwa mkwaju mmoja wa nahodha. Siku mbili zilizobaki Nair aliongeza 135. Kerala walikuwa na nafasi ya kuirudisha mechi: kuwatoa Vidarbha haraka na kufukuzia. Hawakuweza. Je, ni kosa la Vidarbha kwamba hawakuwafungulia mlango?

Mbadala unaotajwa mara nyingi ni kumpa ushindi aliyemaliza juu zaidi kwenye msimamo. Australia iliishi na kanuni hiyo katika fainali ya Sheffield Shield kwa miaka mingi, na udhaifu wake ulijulikana: timu iliyo juu haina haja hata ya kumtoa mtu mmoja, inapiga hadi mchana wa siku ya tano na kombe ni lake. Baadaye wakabadili, sare ikaamuliwa kwa pointi za bonasi za zamu ya kwanza. Kwa maneno mengine, walirudi kuipima zamu ya kwanza, kwa njia nyingine. Ukiupeleka mpango ule wa msimamo Pune, Jammu na Kashmir wangeingia uwanjani wakiwa wameshapita. Ile zamu waliyoifunga wakiwa 399 wasingekuwa na sababu ya kuifunga.

Kinachonishawishi kidogo ni pendekezo la kuweka kikomo cha ova kwa zamu ya kwanza, mradi kisiwe kifupi cha kuigeuza kriketi ya siku moja. Zamu za ova 187 zingepungua. Ningependa lijaribiwe kwanza kwenye makundi, ambako tayari anayeongoza zamu ya kwanza katika sare hupata pointi 3 na mwenzake 1, kabla ya kuguswa mtoano.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar, ubishi huu unaweza kuonekana wa watu walioshiba. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, na msimu uliofuata ikaalikwa kucheza kombe la daraja la kwanza la West Indies. Mashindano yake yenyewe ya siku nne, ya kukuza wapigaji wa kukaa saa sita uwanjani, haikuwa nayo. India ina timu 38 katika Ranji na inagombana juu ya mikimbio mitatu. Mwishoni mwa Januari 2025 maelfu walijaa uwanja wa Delhi kumwona Virat Kohli akirudi kwenye Ranji, akapiga 6 na kung'olewa vijiti na Himanshu Sangwan wa Railways. Msimu ambao jina kubwa lilidumu dakika chache ndio huohuo uliomrudisha Karun Nair timu ya taifa baada ya miaka minane, kwa mikimbio 863 iliyopatikana kwa kukaa.

Wanaotaka matokeo ya wazi kwa gharama yoyote waikumbuke nusu fainali ya 2018-19, kule Wayanad. Kerala dhidi ya Vidarbha hawahawa, Kerala ikatolewa kwa 106, kisha 91, na mechi ikaisha siku ya pili. Mshindi alijulikana bila kanuni yoyote ya ziada. Kati ya mechi ile na hii ya Nagpur iliyoisha sare, najua ni ipi watu wa Kerala wanaipendelea.