Baba wa udaktari na swali la Mpemba

Kwa Kijerumani, profesa anayemsimamia mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huitwa "baba wa udaktari", na akiwa mwanamke huitwa "mama wa udaktari". Nilipolisikia jina hilo mwezi wangu wa kwanza huku Ujerumani, nilidhani nimefika nyumbani, kwa kuwa nimekulia mahali ambapo mwalimu ni mzazi: akikutuma unakwenda, na akikuchapa husemi ukirudi, usije ukachapwa mara ya pili. Nilikosea. Baba huyu hajawahi kuniuliza mama yangu anaendeleaje, na mwaka wote wa kwanza niliona kuwa ni ukavu wa moyo.

Kisha vipimo vyangu vikapingana na grafu iliyomo katika makala yake mwenyewe. Nilivificha kwa wiki mbili, nikarudia jaribio mara tatu nikiomba mashine iwe ndiyo yenye makosa, maana kumwambia mkubwa kuwa amekosea ni jambo ambalo sikulelewa nalo. Siku nilipomwonyesha, aliitazama karatasi kwa muda, akasema, "Sijui," akafungua ratiba ya mashine na kunipa siku zake mbili za wiki iliyofuata ili nitafute nani kati yetu amekosea. Katika miaka yote niliyosoma Tanzania sikumbuki mwalimu aliyesema neno hilo mbele ya darasa. Swali gumu lilijibiwa kwa "hiyo haimo kwenye silabasi", nawe ukakaa chini wenzako wakicheka.

Hapo ndipo humkumbuka Erasto Mpemba, ambaye sisi Watanzania tunapenda kujivunia jina lake bila kuisikiliza vizuri habari yake. Mwaka 1963, akiwa Sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu ya moto kwenye jokofu kwa kuhofia kukosa nafasi, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likaigeuza kauli hiyo kuwa utani. Aliyelibeba swali lake alikuwa mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, aliyekuja shuleni kuzungumza na wanafunzi. Naye hakuamini. Ila aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaripoti kuwa maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaahidi kuendelea kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane. (Fundi yule na mimi tungeelewana sana.) Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969, na hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo.

Wakati huo Mpemba alikuwa katika Chuo cha Mweka, akisomea uhifadhi wa wanyamapori. Huenda ndiko moyo wake ulikokuwa, na nchi inawahitaji wahifadhi. Hata hivyo kila nikifika hapo najiuliza angekuwa nani kama Osborne angekuwa mwalimu wake wa kila siku.

Sisemi kwamba walimu wa huku wanatupenda kuliko wa kwetu. Aliyenitia katika kemia ni mwalimu wa kidato cha pili aliyekuwa na bureti moja (mrija wa kupimia kimiminika) kwa darasa la wanafunzi zaidi ya sitini, akachemsha maua ya rozela aliyoyanunua sokoni kwa fedha yake, akayadondoshea limau yakawa mekundu zaidi, kisha maji ya majivu yakawa kijani. Hakuna profesa aliyewahi kunigharimia kitu kutoka mfukoni mwake. Tofauti ni kwamba yule wa huku halipwi wala hapimwi kwa idadi ya waliofaulu mtihani wa taifa, kwa hiyo swali la mwanafunzi halimpotezei muda. Ndiyo kazi yenyewe.

Nasi tulio nje hatuna cha kujitapa. Desemba iliyopita nilialikwa katika shule yangu ya zamani, nikahutubia kwa dakika arobaini juu ya bidii na nidhamu, yakabaki maswali ya dakika tano. Msichana mmoja akauliza kwa nini maji ya rozela yaliyogeuka kijani huwa ya njano yakiachwa usiku kucha. Nilimwambia tutaonana baadaye, kwa sababu mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni na chakula kilikuwa tayari, na sikumtafuta tena.

Niliporudi nililijaribu. Rangi ile haidumu ndani ya alkali, kama yale maji ya majivu. Molekuli zake hufunguka na kugeuka kuwa kitu kingine, chenye rangi ya njano. Nimemwandikia mwalimu wao wa kemia na kumwomba amtafute, ampe jibu hilo, na amuulize kama amejaribu kupunguza majivu.