Huyu Babu Ana Jina

Wiki iliyopita nilisimama kwenye karakana ya seremala hapa Moshi. Msalaba wa kaburi la babu yangu ulikuwa umeshapakwa rangi nyeupe, fundi kashika brashi, akaniuliza: "Niandike nani?" Nikataja jina la ubatizo. "La baba yake?" Nikanyamaza. Likizo zote za Desemba tangu utotoni nimelala kwa mzee yule, nimekula mtori kwenye sahani yake, na jina la baba yake silijui. Ikabidi nimpigie shangazi, naye alikuwa katikati ya kilio.

Tulimwita Babu, basi. Jumamosi ikasomwa risala ya wajukuu, kurasa mbili nzima, Babu alitufundisha hivi, Babu alituachia vile. Jina lake halikutajwa hata mara moja.

Najua mtaniambia ni heshima. Ni kweli, nani Uchagani atamwita mzee kwa jina kavu? Lakini heshima hii tumeigeuza shuka, tunamfunika mtu mpaka uso.

Mnamkumbuka Babu wa Loliondo. Mwaka 2011 nchi ilihamia kijijini kwake Samunge kufuata dawa yake. Kikombe shilingi 500, foleni ya magari haina mwisho, wengine wakafia humo humo njiani. Wakanywa wakubwa na wadogo. Mama yangu alikwenda, akalala siku tatu ndani ya Land Cruiser ya kukodi. Juzi tukiwa msibani nilimuuliza alikunywa kikombe cha nani. "Cha Babu." Babu nani? Akanishangaa. Ni Mchungaji Ambilikile Mwasapile, mama, mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, KKKT, na alifariki Julai 2021. Mama alimpelekea mwili wake mgonjwa mtu ambaye hata jina lake hakulijua! Kuhusu ile dawa kila mtu ana lake, mimi sitaingia huko. Kinachoniuma ni kwamba Mchungaji Mwasapile, mtu mwenye kwao na historia yake, tungemkalisha tukamuuliza maswali. Babu haulizwi. Ukishamwita mtu babu umeshajifanya mjukuu, na mjukuu hupokea kikombe kwa mikono miwili akanywa. Neno lenyewe lilitunyamazisha kabla hatujafika Samunge. Yeye naye lilimmeza: kikombe kinakumbukwa, foleni inakumbukwa, mwenyewe amebaki cheo cha ukoo.

Babu wa Zanzibar yuko tofauti. Abdulrahman Mohamed Babu, waziri wa mambo ya nje baada ya Mapinduzi ya 1964, hakuitwa hivyo kwa mvi, alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi. Lilikuwa jina lake, na maandishi yake yanasomwa likiwa juu. Babu Tale, meneja wa wanamuziki, wala si mzee. Na vijana wa mjini kitu kikiwanoga wanasema babu kubwa. Hayo hayanisumbui.

Linalonisumbua liko hapa mlimani. Hans Meyer, Mzungu aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, tunamjua kwa majina yake yote mawili, watoto wanamwandika kwenye mtihani. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyemwongoza, waulizeni vijana wa Moshi. Wengi watakwambia, "yule babu aliyempandisha Mzungu."

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba. Wazee waliuweka utaratibu huo ili jina lisizikwe na mtu. Mtoto wa kaka yangu, miaka mitano, ingawa ni kitukuu, ndiye aliyepewa jina la marehemu, na nyumba nzima, mimi nikiwemo, tunamwita Babu. Jumapili, mahema yakiwa yanafunguliwa, nilimwita kwa jina lake kamili. Hakugeuka. Nikarudia mara mbili. Alipogeuka alitazama nyuma yake kwanza, kisha akaniuliza: "Baba mdogo, unamwita nani?"