Nipe Usalama, Karibu na Kituo

Dar es Salaam kuna kipimo kimoja tu cha umbali, nacho kinaitwa dakika tano. Hakuna dakika nne, hakuna dakika kumi. Muulize dalali yeyote, "Kutoka kituoni hadi kwenye nyumba ni mbali?" Atatazama juu kama anapiga hesabu za mirathi, halafu atakwambia, "Dakika tano tu mkubwa, kwa miguu." Miguu ya nani, hasemi.

Mimi natoka Tanga. Kwetu Ngamiani barabara za mitaa zina namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, unaendelea hivyo mpaka uchoke. Mtu akikwambia anakaa barabara ya nane unapanda baiskeli, unahesabu, unafika, unapewa chai. Sasa nimepata kazi ya stoo Kariakoo, nimehamia mji ambao watu wanakuelekeza kwa vitu vilivyokwisha kufa. "Shuka pale palipokuwa na mwembe." Mwembe wenyewe ulikatwa mimi sijazaliwa.

Nilifikia kwa kaka yangu, Gongo la Mboto, sebuleni, kwenye kochi la watu wawili, na mimi kwa umbo langu ni mtu mmoja na nusu. Wiki ya kwanza shemeji alikuwa ananiwekea chapati tatu na ananiita "shemeji yangu kipenzi". Wiki ya tatu chapati moja, na "shemeji, vipi za kutafuta?" Wiki ya tano alikuwa anakunja nguo, hakunitazama hata usoni, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, hivi nyie watu wa Tanga si ndio mnaosemwa waja leo waondoka leo?"

Nikaelewa. Kesho yake nikampigia dalali.

Masharti yangu yalikuwa mawili, usalama na usafiri. La usalama ni la mama. Alinipigia akaniambia, "Mwanangu, nasikia huko kuna panya road, usije ukapanga huko." Nikamwambia mama, panya road siyo mtaa, ni vijana wanaovamia watu. Akasema, "Basi usipange kwa hao vijana." La usafiri ni la bosi wangu, ambaye saa moja na nusu asubuhi anafunga mlango wa stoo kwa ndani, na ukigonga anakujibu kwamba aliyetakiwa kuwa kazini yumo ndani.

Dalali wa kwanza nilimpenda. Kabla sijamaliza sentensi alisema, "Unataka usalama? Ninacho chumba Magomeni Usalama." Nilidhani ananitania. Kumbe kweli, kwenye njia ya mwendokasi ya Barabara ya Morogoro, ukitoka Kimara kwenda mjini, kuna kituo cha Urafiki, mbele kuna Argentina, na mbele zaidi kuna Usalama. Nikajiona nimepata. Mabasi yana njia yake peke yake tangu Mei 2016, hayajui foleni, na jina la kituo limeshanijibu swali la mama. Tukaenda kukiangalia. Chumba kimoja, choo cha kuchangia na wapangaji saba, laki mbili kwa mwezi. Miezi sita kwa mkupuo, halafu kodi ya mwezi mmoja ya dalali, halafu elfu kumi ya kumchosha miguu. Nikapiga hesabu palepale kwenye simu. Jina la kituo halidanganyi: ukishalipa pesa yote hiyo uko salama kabisa, hujabaki na cha kuibiwa.

Wa pili akanishusha bondeni, upande wa Mto Msimbazi. Nyumba nzuri, bei nusu. Kilichonishangaza ni ukuta. Kutoka chini hadi kiunoni rangi ya kahawia, kuanzia kiunoni kwenda juu nyeupe, na mstari wa katikati umenyooka kuliko wa fundi yeyote niliyewahi kumwona Tanga. Nikauliza. Dalali akasema, "Hiyo ni dizaini, siku hizi watu wanapiga rangi mbili." Kibarazani alikuwa amekaa bibi mmoja anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mjukuu wangu, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo dizaini imepigwa na masika." Dalali akaanza kukohoa. Bibi akaendelea, mvua ikichanganya basi Jangwani panafungwa, magari yote yanazunguka huko Kigogo, na nyie mlioko huku mnakaa juu ya kabati na redio. Nikamgeukia dalali. Akanijibu kwa ujasiri ambao nitaukumbuka siku zote: "Lakini mkubwa, kwa maji hutateseka."

Wa tatu aliniambia ana nyumba ambayo hata hizo dakika tano hazifiki. Hakusema uongo. Mlango ulikuwa unafungukia barabara kuu, ukinyoosha mkono unasimamisha daladala. Chumba na sebule, choo ndani, bei ya kutupa. Nikaanza kutoa pochi. Halafu nikaona chini ya chokaa mpya, pembeni ya dirisha, kitu chekundu kinachungulia kama mtoto aliyekatazwa kuja sebuleni kwenye wageni. Nikasugua kwa kidole. Herufi X, kubwa, ya rangi nyekundu. Ndugu zangu, kama hujui maana ya X kwenye ukuta wa nyumba, waulize watu wa Kimara hadi Kiluvya, mwaka 2017, Barabara ya Morogoro ilipokuwa inapanuliwa. Hiyo nyumba haikuwa karibu na barabara, ilikuwa ndani ya barabara, ilikuwa inasubiri tu lami. Dalali ananiambia, "Hawajaja miaka mingi." Nikamwambia na mimi nimekaa miaka mingi sijaja Dar, lakini si unaniona?

Wa nne alitaka kunipeleka Kigamboni. "Dakika tano kwa pantoni." Pantoni kwa kweli inavuka upesi, sibishi. Lakini ile dakika tano ni ya majini. Ya nchi kavu hakuitaja: ya kusubiri kwenye kile chumba cha abiria, umebanwa na ndoo ya samaki kushoto na pikipiki kulia, mkiangalia geti wote kama mnasubiri matokeo ya darasa la saba. Nikamshukuru. Kuna daraja huko tangu 2016, lakini daraja la wenye magari na mimi tunajuana kwa picha tu.

Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza madalali, nikaanza kupima mitaa mwenyewe, na kipimo changu nakitoa bure. Kinaitwa tundu la Mangi, yaani la mwenye duka la mtaani.

Ukiingia mtaa wowote, usiangalie magorofa, usiangalie mageti. Nenda dukani kwa Mangi kanunue soda. Angalia anaipitisha wapi. Kama kaunta iko wazi, Mangi ameegemea, watoto wamekaa juu ya friji la barafu wanachezea mizani, mtaa ni salama, lakini utakuwa uko mbali sana na basi, maana hata vibaka wanahitaji usafiri. Kama kuna nondo, na soda inapita imesimama, mtaa ni wa kawaida, funga mlango ulale. Kama kuna nondo pamoja na wavu, na soda inapita ikiwa imelala, usikae barazani na simu. Niliwahi kufika mahali, sitapataja, duka lote lilikuwa limefungwa kama redio ya mkulima, na katikati pameachwa tundu la kupita mkono mmoja tena usio na saa. Niliomba soda. Mangi akauliza kutoka gizani, "Una kikombe?" Akanimiminia.

Sikusubiri hata chenji.

Kipimo cha pili ni bodaboda, na hiki unakifanya usiku. Simama kituoni saa nne, mtajie kijana mtaa. Akisema elfu moja, vizuri. Akisema elfu tatu, hiyo mbili ya ziada ni ya hofu. Akikuuliza, "Unaenda kwa nani kule?" rudi kwa kaka ukavumilie chapati moja. Mlinzi wa mtaa usimhesabu. Nilikokwenda nilikuta babu mmoja amevaa koti la baridi mwezi wa kumi na mbili, ana rungu na firimbi shingoni, amelala usingizi wa haki. Nilimwamkia nilipofika, hakusikia. Aliamka nilipomuaga, akaniuliza kama nimeshaona chumba na kama nitachangia ulinzi, elfu mbili kila mwezi.

Basi, mwisho nilipata Tabata, mbele kidogo ya Bima, kwenye njia ya daladala za Segerea kwenda Kariakoo. Chumba kimoja, dirisha linatazama barabarani, wapangaji wenzangu wastaarabu, luku, ile mita ya umeme, yangu peke yangu. Tundu la Mangi linapitisha hata unga wa kilo tano. Na kitu kilichonimaliza kabisa: wapangaji wanaacha viatu nje ya mlango usiku, asubuhi wanavikuta. Kiatu nje ya mlango ni cheti, hakuna mwenyekiti wa mtaa anayeweza kukupa barua ya kuzidi hapo. Nilipohamia nami nikaviweka raba zangu nje, nyeupe, za mistari ya kijani, mtumba wa Karume daraja la kwanza. Nikampigia mama. Akasema Alhamdulillahi. Shemeji naye akanitumia chapati sita.

Sasa usafiri. Kituo kiko mbele ya nyumba, sihitaji hata dakika tano. Asubuhi ya kwanza nikatoka saa kumi na mbili, nimenyoosha shati, nikasimama. Gari la kwanza likapita limejaa, konda ananing'inia mlangoni kwa kidole kimoja cha mguu. La pili likapita bila hata kupunguza mwendo. La tatu likasimama, nikashika bomba, nikawekwa kwapani kwa baba mmoja mrefu, nikafika Kariakoo nimenyooka upande mmoja. Saa moja na dakika thelathini na nne. Nikagonga. Nikajibiwa.

Jirani yangu, mama mmoja muuza vitambaa, ndiye aliyenionea huruma. Akasema, "Baba, hapa hatupandi kwenda mjini. Tunageuza nalo." Maana yake ni hii: unavuka barabara, unapanda gari linalokwenda Segerea, yaani unakimbia kazi, unalipa nauli, unafika mwisho wa ruti, hushuki, unang'ang'ania siti yako wakati wenzako wanaingia kwa dirishani, gari linageuza, unalipa nauli nyingine, unakwenda Kariakoo umekaa kama mbunge. Nauli mbili, siti moja. Tangu siku hiyo naamka saa kumi na nusu ili nipite mbele ya nyumba yangu saa kumi na mbili na robo nikiwa nimekaa dirishani. Kila siku naipungia mkono. Inanipa raha sana, naona pazia langu, naona ndoo yangu, naona wenzangu wapya wamesimama kituoni wanahangaika.

Juzi Jumanne nilikuwa siti ya dirishani, upande wa kivuli, gari limejaa hadi watu wanapumua kwa zamu. Tukafika mbele ya nyumba, foleni ikatukamata. Nikapunga mkono kama kawaida. Halafu nikamwona kijana mmoja anatoka uchochoroni kwetu, anatembea taratibu, hana wasiwasi na dunia. Amevaa kaptula, fulana, na raba nyeupe za mistari ya kijani.

Nikachungulia mlangoni kwangu. Hakuna kitu.

Alikuwa hatua moja kutoka dirishani kwangu. Ningemshika kola bila kusimama vizuri. Nikainuka kidogo, nusu ya makalio tu. Hapohapo dada mmoja mwenye mkoba akaanza kushuka taratibu kwenye ile nusu iliyobaki wazi, huku anauliza, "Kaka, unashuka?"

Nikatazama raba. Nikatazama siti. Gari likaanza kusogea.

"Hapana dada," nikasema, nikarudisha nusu yangu. "Nafika Kariakoo."