Bakteria wakinyamazishwa, nani anafaidika?

Kwenye mijadala ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kama wataalamu wetu wanavyouita, kuna hoja moja yenye mvuto mkubwa: tuache kuwaua bakteria, tuwanyang'anye silaha tu. Kwa watu wa Dodoma hoja hii si ya mbali. Wilayani Kongwa, ambako trakoma, ugonjwa wa macho, imesumbua vizazi, watu walipewa kingatiba ya antibiotiki iitwayo azithromaisini na maambukizi yakapungua. Lakini utafiti wa hukohuko, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta bakteria wa tumboni, E. coli, sugu kwa dawa hiyo wameongezeka kwenye vinyesi vya watoto wa vijiji vilivyopata dozi. Aliyelengwa ni mdudu wa macho, aliyepata usugu ni wa tumboni.

Wanaotaka njia nyingine wanaanzia kwenye tabia ya bakteria wenyewe. Kutengeneza sumu kunakula nguvu, na kuitoa mapema ni kuishtua kinga ya mwili. Kwa hiyo wengi wao hungoja. Kila mmoja humwaga molekuli ndogo za ishara. Zikirundikana kiasi cha kuonyesha kwamba wamekuwa wengi, jeni za sumu huwaka kwa pamoja. Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda, ana mfumo uitwao agr. Pseudomonas aeruginosa, msumbufu wa majeraha ya moto na mipira ya mkojo, ana Las na Rhl. Ziba ishara hizo, wanasema, bakteria atabaki hai lakini hana madhara. Na kwa kuwa hajauawa, hana sababu ya kuwa sugu.

Hapo kwenye usugu ndipo ninapokwama. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa Pseudomonas anaweza kuisukuma nje ya seli yake kemikali ya kuziba ishara, kwa pampu zilezile anazotumia kutoa antibiotiki. Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Ndani ya mgonjwa huzuka bakteria wasioitikia ishara, wanaokwepa kazi ya pamoja lakini wanafaidi jasho la wenzao, mfano wa mtu asiyechangia harusi lakini ukumbini yuko mstari wa mbele kwenye pilau. Wakwepaji hawa wana ukali mdogo. Azithromaisini, dawa yetu ileile ya Kongwa, huzima mawasiliano ya Pseudomonas hata kwa kiwango kisichomuua. Ilipopewa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, kama ilivyoripotiwa mwaka 2010, hakukuwa tena na kazi ya pamoja ya kukwepa, hivyo wakwepaji walipoteza faida yao na wale wakali wakabaki kutamba.

Kipindupindu ndicho kinachopindua hesabu yote. Vibrio cholerae huwasha sumu wakiwa wachache, kupitia protini za kuwasha jeni kama ToxR na ToxT. Wakijaa, protini ya HapR huizima na wao hujiandaa kutoka na kinyesi kutafuta mtu mwingine. Ukimziba huyu masikio, unamwacha aendelee kujiona yuko peke yake, na sumu ikiwaka. Ndiyo maana watafiti wa Marekani walifanya kinyume: waliwapa panya wachanga E. coli wasio na madhara, waliobadilishwa ili watoe ishara ya Vibrio wenyewe, na panya wengi zaidi wakanusurika. Kazi nzuri, ila ni ya panya. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulipofika mikoa mingine, Dodoma ukiwemo, kilichookoa watu ni maji ya chumvichumvi na dripu.

Sisemi njia hii itupwe. Pale ambapo kidonda kimejaa Pseudomonas na antibiotiki zimeanza kugoma, dawa ya kuziba ishara inayotolewa pamoja na antibiotiki ina mantiki, kwa sababu Pseudomonas walionyimwa ushirikiano hupata shida kujenga utando unaowakinga. Ninachokataa ni kuinadi kama dawa isiyozaa usugu, au kuigawa kama kingatiba. Inadai kumjua mdudu kwa jina kabla ya dozi ya kwanza, maana kinachomtuliza mmoja kinamchochea mwingine. Mgonjwa wa kijijini Mpwapwa au Chamwino anayeanzia duka la dawa muhimu hachukuliwi sampuli ya kidonda wala kinyesi ioteshwe maabara ili mdudu ajulikane. Fedha ikipatikana leo, ningeipeleka kwanza kwenye maabara za kuotesha vimelea katika hospitali za wilaya. Zinahitajika kwa antibiotiki tulizonazo, na dawa hizi mpya haziwezi kutumika salama bila hizo.