Alovera na ngozi iliyoungua jua: inapoza, haikingi

Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanaoshuka Kilimanjaro wakiwa wamebabuka pua na midomo huambiwa wapake alovera. Ushauri huo una maana, ila tumeupa uzito usiostahili.

Wanaoutetea wana ushahidi. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwaunguza kidogo kwa mionzi ya UV (ile ya jua inayounguza ngozi) watu 40 waliojitolea, kisha wakawapaka jeli yenye asilimia 97.5 ya alovera. Baada ya saa 48 wekundu ulikuwa umepungua. Lakini mwaka 2005 krimu ya alovera iliyojaribiwa Thailand haikuzuia kuungua wala haikutibu. Tofauti hiyo hainishangazi, maana krimu si jeli, na jani la uani si dawa ya maabara: utomvu wa njano ulio chini ya ganda lake unaweza kuwasha ngozi. Tena kilichopimwa ni alovera inayolimwa kwa biashara, wala si mishubiri yetu ya porini, jamaa za alovera.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. UV huanza kuharibu DNA (vinasaba) ya ngozi papo hapo, saa kadhaa kabla wekundu haujaonekana. Hata polifenoli, kemikali za asili za chai ya kijani, zinazotia matumaini, zilionyesha kinga zilipopakwa kabla ya mionzi. Ukishaungua, alovera inakupunguzia moto wa ngozi. Madhara ya ndani yanabaki. (Limau lisikaribie kabisa: maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi.)

Kwa mpanda mlima, kosa la kutegemea alovera badala ya kujikinga ni usiku mmoja wa maumivu. Kwa mkulima mwenye ualbino ni njia ya kwenda kwenye saratani. Ndiyo maana mafuta ya kukinga jua ya KiliSun, yaliyoanza kutengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, nayaona ya thamani kuliko jani lolote.

Najua jibu litakalokuja: mafuta ya dukani ni ghali, alovera ni bure. Ni kweli, na kwa asiyeyapata, kofia pana na nguo ya mikono mirefu vitangulie. Mishubiri ya huku nayo ichunguzwe, kwa heshima ya wazee walioitumia kutibu ngozi. Ila fedha za uchunguzi huo zisikatwe kwenye mafuta ya watu wenye ualbino.