Kushusha kii si aibu: namna ya kuisikiliza bendi kongwe ya roki jukwaani

Watu wakitoka kwenye onyesho la bendi kongwe ya roki, lawama ya kwanza huwa ileile: hawaimbi kama zamani. Ni kweli, na hawawezi. Mick Jagger wa Rolling Stones alizaliwa mwaka 1943, Ian Gillan wa Deep Purple mwaka 1945. Umri unapokwenda, nyuzi za sauti kooni hupoteza mnyumbuko, misuli yake hukonda, na mara nyingi hazikutani tena sawasawa, hewa ikapenya katikati. Zinazoondoka kwanza ni noti za juu zinazoimbwa kwa nguvu, na ndizo hasa zilizoujenga muziki huu. Kwa hiyo shabiki aulize bendi imejipangaje na uzee huo. Msimamo wangu ni kwamba bendi inayoshusha kii, yaani inayopiga na kuimba wimbo chini ya kimo chake cha awali, inastahili heshima, na ile inayojificha nyuma ya sauti iliyorekodiwa inawadanganya waliolipa kiingilio.

Kushusha kii kunataka kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Rifu nyingi za roki, yaani vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, zimejengwa juu ya nyuzi zinazopigwa wazi, bila kidole. Ukiihamishia rifu ya namna hiyo sehemu nyingine ya shingo ya gitaa, mlio wake unapotea. Ndiyo maana gitaa zima hulegezwa, nusu toni au toni nzima. Sasa uzi uliolegea hutikisika kwa upana zaidi, hugonga vyuma vya shingo, na noti huyumba mpigaji akibonyeza kwa nguvu. Dawa yake ni kuvalisha nyuzi nene zaidi, kwa mfano kutoka seti inayoanzia 10 kwenda inayoanzia 11 (unene wa uzi mwembamba kuliko wote, kwa elfu za inchi), kisha kurekebisha shingo upya maana mvuto umebadilika. Besi huteseka kuliko ala zote: uzi wake mnene ukishushwa toni nzima, katika uwanja mkubwa unabaki mngurumo usio na umbo. Ukiona fundi anakuja na gitaa jingine karibu kila wimbo, usidhani ni mbwembwe. Kila gitaa lina tyuni yake.

Kinanda, kwa upande wake, hushushwa kwa kitufe, na hapo ndipo ajali hutokea. Kitufe kikisahauliwa, au sauti ya kinanda iliyorekodiwa ikachezwa kwa kasi isiyo sahihi, bendi nzima inajikuta kwenye kii mbili. Hayo yaliipata bendi ya Van Halen huko Greensboro, Marekani, mwaka 2007: kinanda kilitoka juu ya kii ya gitaa, na mpiga gitaa Eddie Van Halen akatafuta pa kushika wimbo mzima asipaone. Mpiga gitaa hawezi kutyuni upya wimbo ukiwa unakwenda.

Msikilizaji naye ana kazi ya kufanya. Sikio lililolelewa na rekodi litauona wimbo ulioshushwa kuwa mzito na wenye giza, hasa mwanzoni. Wiki moja kabla ya onyesho, weka albamu pembeni usikilize rekodi za jukwaani za ziara ya karibuni, ujue kii ya sasa, mwendo wa sasa, na noti ambazo mwimbaji amezibadilishia njia. Gillan alifanya uamuzi mgumu zaidi: wimbo wa Deep Purple wa mwaka 1970 wenye mayowe yake ya juu kabisa aliacha kuuimba jukwaani miaka mingi iliyopita. Kuna mashabiki wanaomlaumu hadi leo. Mimi naona alituheshimu. Naye Ozzy Osbourne, tarehe 5 Julai 2025 pale Villa Park, Birmingham, akiwa na ugonjwa wa Parkinson, aliimba ameketi kwenye kiti cha enzi, wenzake wote watatu wa mwanzo wa Black Sabbath wakiwa naye jukwaani. Hakuna aliyefichwa kitu. Alifariki siku 17 baadaye.

Udanganyifu unatambulikaje? Tazama maikrofoni: mdomo ukiondoka na sauti ikabaki vilevile, una jibu. Hesabu midomo kwenye kiitikio. Wanaoimba wakiwa watatu na sauti unazosikia ni nane, nyingine zinatoka kwenye mashine. Ila tuwe waadilifu. Waitikiaji wa kukodi si udanganyifu, na bendi ya Queen tangu miaka ya 1970 walitumia rekodi kwa sehemu ya opera ya wimbo wao wa mwaka 1975, wakiondoka jukwaani waziwazi wakati huo. Kosa ni kuigiza.

Kuna jambo moja linalonikera kweli: watu kukimbilia chooni wimbo mpya unapotangazwa. Nyimbo mpya hutungwa kwa koo la leo. Zinakaa pale mwimbaji anapofika bila kujikamua, na mara nyingi ndizo anazoziimba vizuri kuliko zote usiku huo. Rolling Stones walitoa albamu ya nyimbo zao mpya mwaka 2023, Deep Purple mwaka 2024. Baki hapo usikilize.

Kabla ya kununua tiketi, angalia pia ni nani watakaosimama jukwaani, maana jina la bendi halisemi kitu. Deep Purple wana Ian Paice pekee aliyepiga katika kila safu tangu 1968. Bendi ya Yes haina mwanzilishi hata mmoja tangu Chris Squire alipofariki mwaka 2015, lakini Steve Howe, aliyejiunga mwaka 1970, bado yupo. Kila mtu ana mpaka wake, mradi aujue kabla ya kulipa.

Sasa mahali pa kusimama. Mstari wa mbele ni wa kuona nyuso. Kwa masikio ni mahali pabaya: spika kubwa zimeninginizwa juu na sauti yake inakupita kichwani, unabaki na drams, amplifaya za jukwaani na spika ndogo za ukingoni, huku mwimbaji akimezwa. Simama karibu na meza ya fundi sauti, kwa sababu mchanganyiko mzima unapimwa na masikio yaliyopo hapo. Epuka chini ya roshani, ambako milio ya juu hufifia. Uwanjani, sauti huchukua karibu sekunde 0.3 kusafiri mita 100, hivyo spika za minara ya katikati hucheleweshwa kwa makusudi ili zilingane na zile za jukwaani. Ukikaa nyuma sana, mkono wa mpiga drams kwenye skrini na pigo unalosikia huenda visikutane. Upepo nao hupeperusha milio ya juu, ikaja na kuondoka.

Na masikio yenyewe. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 85 huvumilika saa 8, na kila nyongeza ya desibeli 3 hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 100 umebaki na dakika 15. Onyesho huchukua muda wa saa mbili. Vizibo vya sponji huzuia vizuri lakini hukata milio ya juu kupita kiasi, maneno yakawa kama yanatoka ndani ya blanketi. Vyenye kichujio hushusha sauti kwa usawa zaidi. Ukitumia vya sponji, visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, kisha shikilia nusu dakika vitanuke. Watu wengi huviacha nusu nje, halafu wanasema havifanyi kazi. Pete Townshend wa The Who amezungumza hadharani kuhusu masikio yake kuharibika, na mwimbaji Brian Johnson alilazimika kuiacha ziara ya AC/DC mwaka 2016 kwa sababu hiyohiyo. Vaa kabla bendi ya ufunguzi haijaanza, na masikio yakiendelea kulia baada ya siku nzima, nenda kwa daktari.